Mwili nyumbani, akili bado mpakani: Mazoea madogo yanayomrudisha mzazi kwa wanawe

Tunduma. Jua likianza kuzama, barabara inayotoka mpakani hujaa watu wanaorudi nyumbani. Wapo akina mama waliovuka asubuhi kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza na kununua bidhaa. Wapo wabadilisha fedha wanaofunga hesabu za shilingi na kwacha, vijana wa bodaboda, mawakala wa forodha wenye mafaili kwapani, na madereva walioacha malori kwenye foleni ili wakapate chakula.

Kwa aliyezoea, kuvuka mpaka ni jambo la muda mfupi. Akili ndiyo inayochelewa kuvuka. Mama ameshafika nyumbani, amewasha jiko la mkaa na kubandika maji ya ugali, lakini kichwani bado anabishana na mteja ambaye hajamlipa. Baba ameketi kwenye kochi, mtoto anamwonyesha daftari, naye anajibu, "Vizuri mwanangu," macho yakiwa kwenye simu. Mtoto anaondoka. Baadaye kidogo baba anashtuka na kuuliza, "Hivi ulikuwa unasemaje?"

"Basi tu, baba."

Mzazi akiisikia "basi tu" mara moja, ni jambo la kawaida. Akiisikia kila siku, kuna kitu cha kuangalia. Mtoto ameanza kujifunza kwamba kumsemesha mzazi hakuna faida, na mtoto aliyejifunza hivyo akiwa na miaka sita hatakuwa na habari nyingi za kumpa mzazi huyo atakapofika miaka 15.

Habari njema ni kwamba kurekebisha hali hiyo hakuhitaji fedha wala likizo. Kunahitaji mazoea machache, madogo, yanayobandikwa kwenye mambo ambayo familia inayafanya tayari kila siku.

Mji wenye saa mbili

Tunduma ina jambo ambalo miji mingi ya Tanzania haina. Zambia iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Tunduma ikiwa saa 2 asubuhi, hatua chache mbele, Nakonde, ni saa 1. Simu iliyowekwa kujirekebisha saa yenyewe, ikinasa mnara wa upande wa pili, inaweza kurudi nyuma saa nzima mwenyewe akiwa hajatoka hata nje ya duka lake. Anayepanga kukutana na mtu wa ng'ambo lazima aulize kwanza: saa ya huku au ya huko?

Ndani ya nyumba nako saa mara nyingi huwa mbili. Mtoto yuko kwenye saa ya sasa: jino limetikisika, paka amezaa, mwalimu amemsifu. Mzazi yuko kwenye saa ya kesho: marejesho ya mkopo, ada, mzigo ambao haujapita.

Si ajabu iwe hivyo. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inapita Tunduma, na reli ya Tazara, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, nayo inavukia hapo. Mizigo ya Zambia na ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo hutumia njia hiyo. Mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha huduma za mpakani ili ukaguzi wa nchi mbili ufanyike mahali pamoja, lakini kusubiri bado ni sehemu ya kazi. Dereva anasubiri zamu, wakala anasubiri karatasi, mama wa duka anasubiri mzigo. Aliyezoea kusubiri kitu kinachokuja huona taabu kuketi na kilichopo.

Hata walio mbali na foleni za malori hawajasalimika. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anawaza bei kabla hajavuna, wa mahindi Mlowo anawaza soko, mchimbaji mdogo wa dhahabu wilayani Songwe anawaza shimo la kesho.

Akili hutangatanga, na ina gharama

Wanasaikolojia wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2010, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti uliohusisha watu wazima 2,250. Simu za watu hao ziliwauliza kwa nyakati za kushtukiza: unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, unajisikiaje? Ilionekana kwamba karibu asilimia 47 ya nyakati hizo, akili ya mtu haikuwa kwenye jambo analolifanya. Pia, watu walikuwa na furaha ndogo zaidi akili zao zilipotangatanga kuliko zilipokuwa kwenye kazi iliyo mbele yao, hata kama kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza.

Kwa mzazi, gharama inaonekana mapema zaidi. Katika miaka ya 1970, mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani alifanya jaribio ambalo mpaka leo hufundishwa vyuoni. Mama anacheza na mtoto wake mchanga kama kawaida: anamwongelesha, anamchekea, anafuata kidole chake. Kisha anaambiwa amtazame mtoto kwa dakika chache bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Mama hajaenda popote, yuko pale pale. Lakini mtoto anagundua mara moja. Anatabasamu ili mama arudi, ananyoosha mikono, anapiga kelele. Akiona hakuna jibu, anageuza uso na kulia.

Sura ya mzazi anayesoma ujumbe kwenye simu haiko mbali sana na ile ya mama wa kwenye jaribio.

Jaribio hilo lina sehemu ya tatu, ambayo wazazi wanapaswa kuikumbuka zaidi. Mama anarudi katika hali yake, anamchekea tena mtoto, na baada ya kununa kidogo, mtoto anarudi kwake. Tronick alitumia miaka mingi kueleza kwamba mzazi na mtoto hupotezana mara nyingi kwa siku, na hilo ni la kawaida. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana kila mnapopotezana.

Hapo ndipo mazoea yafuatayo yanapoanzia. Hakuna mzazi anayeweza kuwa makini saa zote. Akili itaondoka tu, na kazi ni kujua imeondoka na kuirudisha. Hata mafunzo ya utulivu wa akili ambayo Jon Kabat-Zinn aliyaanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, yamejengwa juu ya jambo hilo hilo: kuelekeza akili kwenye kinachotendeka sasa, na ikitoroka, kuirudisha bila kujilaumu.

Pumzi tatu mlangoni

Zoea la kwanza linafanyika kabla ya kuingia ndani. Mzazi akifika mlangoni, asimame. Avute pumzi kwa pua taratibu, aitoe polepole zaidi ya alivyoivuta. Arudie mara tatu. Kutoa pumzi taratibu husaidia mapigo ya moyo kupungua, na mwili hupata taarifa kwamba hatari imepita.

Kisha ajiambie kimoyomoyo: kazi imebaki kule, hapa ni nyumbani. Mwenye duka linalotazamana na nyumba anaweza kufanya hivyo anapofunga kufuli. Mwendesha bodaboda anaweza kufanya hivyo akishazima pikipiki, kabla ya kuvua kofia ngumu. Ni nusu dakika tu, lakini anayeingia ndani si yule aliyekuwa akigombania abiria dakika chache zilizopita.

Salamu inayosubiri jibu

Watoto wa Kitanzania wanafundishwa mapema kumwamkia mzazi. "Shikamoo mama." "Marahaba." Mara nyingi mazungumzo huishia hapo, kwa sababu mzazi ameitikia akiwa anapita kwenda jikoni.

Mzazi anaweza kuirefusha salamu hiyo kidogo tu. Aitikie akiwa amesimama, au achuchumae awe sawa na kimo cha mtoto mdogo, amtazame usoni, aulize, "Umeshindaje, mwanangu?" na asubiri. Kusubiri ndiyo sehemu ngumu. Mtoto hutafuta maneno, huanza katikati, hurudi nyuma, hutaja rafiki ambaye mzazi hamjui. Ukimpa dakika moja bila kumkatisha, atasema. Ndani ya dakika hiyo mzazi atajua kama kandambili zimekatika, kama kuna mtoto anayemwonea, au kama leo hakula mchana.

Simu nayo ilazwe

Ushauri wa kuzima simu ni rahisi kutoa kwa mtu ambaye simu si ofisi yake. Kwa wakala wa fedha, mfanyabiashara wa mpakani au mke wa dereva aliye safarini, simu ikizimwa jioni nzima huenda mlo wa kesho ukapungua. Kwa hiyo mpango uwe mdogo na wa kweli.

Familia ichague muda mmoja tu, kwa mfano wakati wa chakula cha usiku. Simu zote, pamoja na ya baba na ya dada wa kazi, ziwekwe sehemu moja: juu ya kabati, kwenye kikapu, au zinapochajiwa. Zibaki na mlio wa kupigiwa, ujumbe unyamazishwe. Mwenye shida ya dharura atapiga. Wateja wa kila siku wanaweza kuambiwa mapema kwamba saa 2 hadi saa 2:30 usiku hajibu ujumbe. Wengi huzoea ndani ya wiki moja.

Watoto watamtazama mzazi kwanza. Mzazi akivunja utaratibu kwa sababu ya kundi la WhatsApp, kikapu kitakuwa kimekufa siku hiyo hiyo.

Kazi moja kwa wakati

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mbozi wanaelewa methali hiyo mashambani. Msimu wa kahawa ukifika, mchumaji hakamui tawi zima kwa mkono mmoja. Anachagua buni moja moja, nyekundu iliyoiva, anaacha ya kijani isubiri. Mchumaji ambaye akili yake iko kwingine huchanganya mbivu na mbichi, na kahawa ya hivyo hupoteza ubora na bei.

Nyumbani mzazi anaweza kuchagua kazi moja kwa siku na kuifanya kama mchumaji huyo. Inaweza kuwa kuosha vyombo, kuchambua maharage, kukunja nguo au kusuka nywele za binti. Redio izimwe, simu iwe mbali. Ahisi joto la maji, asikie maharage yanavyodondoka kwenye sinia, aone mawe na mabovu anayotoa. Akili ikikimbilia kwenye deni, airudishe kwenye maharage. Itakimbia tena, airudishe tena.

Zoea hili lina faida ya pili. Mtoto akikaribishwa kwenye sinia hilo, ataanza kuongea. Watoto wengi, hasa wavulana wakubwa, huona aibu kuongea wakitazamwa usoni. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye maharage, maneno hutoka yenyewe.

Wasiwasi upewe saa yake

Mzazi mwenye mzigo uliokwama hawezi kuambiwa tu "usiwaze." Mawazo yakifukuzwa hurudi na wenzake. Njia inayotumiwa na washauri wa saikolojia ni kuyapa muda maalumu.

Inahitajika daftari dogo na dakika 15, mapema jioni, si kitandani. Mzazi aandike kila kinachomsumbua: ada ya mtoto wa kidato cha kwanza, kodi ya fremu, mteja asiyepokea simu. Mbele ya kila jambo aandike hatua moja ya kesho, au aandike "silo langu kuamua." Akimaliza, afunge daftari. Wazo likija wakati wa chakula, ajijibu: limeandikwa, zamu yake ni kesho jioni.

Daftari halilipi deni, lakini linamzuia mtu kulilipa kila usiku kwa usingizi wake.

Macho njiani, kwa utulivu na kwa usalama

Kutembea na mtoto kwenda shule au dukani ni nafasi nyingine. Mchezo rahisi unatosha: taja vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovisikia, vitatu unavyoweza kuvigusa. Mtoto atataja ukungu wa Juni unaoficha paa, honi ya lori, harufu ya maandazi ambayo haikuulizwa. Mzazi atashangaa jinsi njia aliyoipita miaka kumi ilivyo na mambo.

Kwenye mji wa barabara kuu, zoea hili pia ni suala la usalama. Wanaokaa kando ya barabara ya malori, kuanzia mpakani hadi Mpemba na mbele zaidi, wanajua kwamba foleni iliyosimama huficha bodaboda inayopita pembeni. Mzazi anayevuka akiwa na spika za simu masikioni, huku amemshika mtoto mkono, yuko kwenye hatari ambayo tahadhari ndogo ingeiondoa. Na mtoto anajifunza kuvuka kwa kumwiga.

Siku ya mapumziko zoea lenyewe linaweza kusafiri. Wilayani Mbozi kipo kimondo cha chuma cha takribani tani 16, chenye urefu wa mita tatu hivi, ambacho familia nyingi za mkoa zimekisikia bila kukiona. Wanaofika huanza na picha, wakamaliza na picha. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Marekani alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wageni wa jumba la makumbusho walikumbuka mambo machache zaidi kuhusu vitu walivyovipiga picha kuliko vile walivyovitazama tu. Mzazi anaweza kuweka utaratibu: kwanza tutazame, tuzunguke, tuulize maswali. Picha iwe ya mwisho, na iwe moja.

Kwa baba aliye safarini

Songwe ina nyumba nyingi ambazo baba anaonekana mara chache, kwa kuwa yuko kwenye lori kuelekea Lusaka au Lubumbashi, au kwenye machimbo. Naye anaweza kuwepo. Simu fupi ya sauti iliyopigwa lori likiwa limeegeshwa, akiwa hafanyi jambo jingine, ina uzito kuliko ujumbe 20 wa haraka. Aongee na kila mtoto peke yake. Akumbuke jambo moja aliloambiwa mara iliyopita na aliulizie: "Lile jino limeng'oka?" Mtoto akiulizwa hivyo anajua baba alisikiliza.

Mama naye asiitumie simu hiyo yote kusoma orodha ya mahitaji. Mahitaji yapewe simu yake.

Swali moja kabla ya kulala

Siku inaweza kufungwa kwa swali moja. "Umemaliza kazi za shule?" ni swali la lazima, lakini halifungui mazungumzo. Jaribio zuri ni, "Leo kitu gani kimekufurahisha?" au "Leo kitu gani kimekuwa kigumu?" Mzazi naye ajibu swali hilo hilo kwa ufupi na kwa ukweli unaomfaa mtoto. Mtoto anayesikia mama akisema, "Leo nilichoka, lakini nilifurahi mvua iliponyesha," anajifunza kutaja hisia zake bila kuzikimbia.

Si lazima mzazi aanze na mazoea yote. Lichaguliwe moja, lifanyike kwa wiki mbili, kisha liongezwe la pili. Anayeanza yote Jumatatu huyaacha yote Alhamisi.

Pale mazoea yasipotosha

Kuna hali ambazo pumzi tatu hazizitoshi. Mzazi akikosa usingizi, hamu ya chakula au hamu ya mambo aliyoyapenda kwa wiki mbili au zaidi, akiwa na huzuni isiyoondoka, hasira za kupiga watoto au mawazo ya kutaka kufa, hiyo inaweza kuwa sonona au ugonjwa mwingine unaotibika. Aende kituo cha afya kilicho karibu aeleze waziwazi. Akihitaji huduma zaidi atapewa rufaa. Si udhaifu wala kukosa imani. Mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pia kuna shida ambazo haziko kichwani. Njaa, kipigo ndani ya ndoa na deni la riba kubwa haviondolewi kwa kutulia. Vinahitaji ndugu, ustawi wa jamii, dawati la jinsia la polisi, au kikundi cha kuweka na kukopa. Kutulia kunamsaidia mtu kuona mlango ulipo, lakini lazima autembelee mwenyewe.

Kwa wazazi wengi, hata hivyo, kinachopotea ni kidogo kidogo: jioni hii, swali lile, daftari lile ambalo halikutazamwa. Waswahili husema chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.

Baba wa kwenye kochi bado ana nafasi. Hata baada ya "basi tu," anaweza kuweka simu juu ya kabati, kumfuata mtoto alipo na kusema, "Samahani mwanangu, sikuwa nimekusikia. Nionyeshe tena." Mtoto atanuna kidogo. Kisha atafungua daftari.